Kima akivuka Likoni

Vijana wanaokuja kwenye mafunzo yetu ya uandishi hapa Mji wa Kale, Mombasa, huleta ngano zilezile: sungura kamhadaa fisi, fisi kaambulia kipigo. Wanachobadilisha ni mavazi. Sungura sasa ana simu na anaendesha tuktuk, basi. Mimi huko nakuita kupaka chokaa nyumba ya mtu.

Njia ya kwanza ya kuiandika ngano upya ni kushika mfupa wake, yaani kiini. Chukua kisa cha kima na papa. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, kila siku humrushia papa kuyu, wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika mbali na nchi kavu ndipo akamfichulia: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, ungeniambia mapema! Sisi tukitembea, mioyo tunaiacha mtini. Turudi nikauchukue.

Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikichapa mwaka 1870 kama kilivyosimuliwa Unguja, lakini kisa chenyewe kimetembea sana. India papa huyo ni mamba. Katika Kiarabu cha Ibn al-Muqaffa, mfasiri wa Kalila na Dimna wa karne ya 8, ni kobe. Kilipotia nanga kwetu akawa papa, maana huyo ndiye mwenye meno katika maji yetu. Kila msimulizi alishika mfupa, nyama akatia ya kwao.

Na mfupa hapa si kima wala papa. Ni ile hali ya kuambiwa ukweli ukiwa katikati ya maji, pasipo pa kushukia. Dada mmoja darasani aliushika huo. Katika hadithi yake, mzee wa Kisauni anavuka feri ya Likoni na tajiri aliyemfadhili miaka miwili; mzee humwita "mwanangu". Feri imeshang'oka, magari yamebanana, ndipo tajiri anamwinamia sikioni: ng'ambo kuna wakili anangoja hati ya shamba. Mzee anapapasa kanzu. "Lo! Nimeiacha kabatini kwa mke wangu." Hati ilikuwa kwapani muda wote. Mnyama hayumo hata mmoja, na kila aliyelelewa na kisa kile alicheka palepale.

Njia ya pili ni kutafuta mahali ambapo ngano imepita mbio. Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akaenda kisimani akapiga goti, mshale upindeni, akafa vivyo hivyo. Watu wakadhani yu hai, wakaogopa kuteka maji. Wakamtuma mamake ambembeleze kwa mashairi. Simulizi inapita hapo mbio: akambembeleza, mwanawe akaanguka, naye akalia. Lakini yule mama, alipomkaribia mwanawe, alijua saa ngapi? Hapo pana hadithi nzima, na bado sijasoma iliyonitosha.

Ukienda kwa bibi kusikiliza, simu isitangulie. Mwache aseme "Paukwa!", nawe uitike "Pakawa!", kisha umwombe ruhusa ya kurekodi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazigusa hadithi pia, kwa hiyo andika umeipata kwa nani na wa wapi. Na bibi wa jirani akikisimulia kisa cha kima vingine, usimsahihishe. Muulize tu kwake yeye papa ni nani.