Je, wajua? Huenda Lwanda Magere hakuwa jiwe, ila hakusikia maumivu

Aliyelelewa uwanda wa Kano, nje kidogo ya Kisumu, hadithi ya Lwanda Magere aliipata pamoja na uji. Shujaa huyu wa Wajaluo mwili wake ulikuwa jiwe, na lwanda kwa Kijaluo ni mwamba. Mikuki ya Wanandi ilimgonga ikaanguka chini. Walipochoka kushindwa, Wanandi wakamwoza binti yao mrembo. Siku moja Lwanda akaugua, akamwambia mkewe amchanje ili amtie dawa, lakini amchanje kivulini, si mwilini. Wembe ulipogusa kivuli, damu ikatoka. Binti akatoroka usiku na siri ile, na vita vilivyofuata, mkuki ukalengwa kivulini. Lwanda akafa, akawa jiwe ambalo watu wa Kano wanakuonyesha mpaka leo.

Nimejiuliza mara nyingi: mtu huyu angeingia kliniki leo, daktari angeandika nini kwenye kadi yake?

Wapo watakaotaja ugonjwa adimu mno ambao misuli hugeuka mfupa, na kila jeraha huongeza mfupa mwingine. Mmarekani Harry Eastlack aliugua hivyo. Alipofariki mwaka 1973 karibu mwili wote ulikuwa umejifunga, midomo tu ndiyo iliyosogea. Kwa jina la jiwe, unafaa. Kwa shujaa, haufai hata kidogo, maana mgonjwa wake hawezi kuinua mkono arushe mkuki.

Mimi namwekea Lwanda ugonjwa mwingine: kuzaliwa bila uwezo wa kusikia maumivu. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za watoto wa familia tatu za kaskazini mwa Pakistan. Utafiti ulianzia kwa mvulana mwingine wa huko, aliyekuwa akitumbuiza watu barabarani kwa kujidunga visu mkononi na kutembea juu ya makaa ya moto. Watoto wa familia zile walikuwa na makovu ya ulimi na midomo waliyojing'ata wakiwa wadogo, kwa sababu hakuna kitu kilichowaambia waache.

Inakuwaje? Kwenye neva zinazopeleka habari za maumivu kuna vijilango vinavyopitisha sodiamu. Ukijikata, vijilango hufunguka, sodiamu huingia, na umeme mdogo hukimbia hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni. Watoto wale walikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo SCN9A, inayotengeneza mojawapo ya vijilango hivyo. Kikikosekana, habari haianzi safari. Mguso, joto na baridi hupita njia nyingine, kwa hiyo mtoto anajua kisu kimemgusa. Hajui tu kwamba kinamuumiza.

Sasa mtazame askari wa upande wa pili, amesimama mbali kidogo. Ameona mkuki umempata Lwanda begani, na Lwanda hakupiga yowe, hakuyumba, anazidi kuja. Jioni akiwa kando ya moto atawaambia nini wenzake? Atasema yule ni jiwe.

Ila damu hutoka kwa mtu asiyesikia maumivu kama inavyotoka kwangu na kwako. Hapo ndipo hadithi ya wazee wetu inaponishangaza. Haikumwacha Lwanda bila pa kuumizwa, ilihamisha tu jeraha, ikaliweka mahali ambapo mwenyewe halisikii. Yule kijana wa Pakistan hakufikisha miaka 14. Aliruka kutoka juu ya paa la nyumba, akafa.

Ugonjwa wa Lwanda ni nadra, lakini upo wa kufanana nao ambao haumhitaji mtu kuzaliwa nao. Ukoma huua neva za ngozi. Kisukari kisipodhibitiwa huua neva za nyayo, polepole, mpaka mguu ukafa ganzi. Baba yangu mdogo alitoka sokoni Kibuye, akavua ndala mlangoni, na mkewe ndiye aliyeona alama za damu sakafuni. Msumari ulikuwa umepenya soli ukaingia kisiginoni. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi. Akacheka, akasema hajaumia, na siku tisa baadaye kidonda kilikuwa kinanuka. Walikata vidole viwili kuokoa mguu.

Kliniki ya kisukari sasa humpima kwa uzi mgumu wa nailoni: anafumba macho, muuguzi anaubonyeza chini ya unyayo mpaka upinde kidogo, na yeye anasema "hapo" akiusikia. Mguu wa kushoto bado anasema kote. Wa kulia hukaa kimya sehemu nne. Nyumbani, kila jioni kabla ya chakula, mkewe humletea kioo kidogo cha kunyolea. Baba mdogo hukiweka sakafuni, huinua mguu juu yake, na kukagua unyayo wake kwa macho, sehemu baada ya sehemu.