Jaguar ya Morse haikutoka vitabuni

Mashabiki wengi wa Inspector Morse, tamthilia ya upelelezi ya Uingereza iliyorushwa na ITV kati ya 1987 na 2000, huamini kila walichokiona kwenye runinga kilichotwa kwenye riwaya za Colin Dexter. Sivyo. Ile Jaguar nyekundu, kwa mfano: katika riwaya za mwanzo Morse anaendesha Lancia. Gari la runinga lilipopendwa, Dexter mwenyewe akabadilisha matoleo ya baadaye yafuate tamthilia. Sajini Lewis, msaidizi wa Morse, naye, vitabuni, amemzidi bosi wake umri. Mwigizaji wake, Kevin Whately, akamfanya kijana wa kaskazini mwenye watoto, na kwa maoni yangu hapo ndipo kutaniana kwake na John Thaw, aliyeigiza Morse, kulipopata ladha. Hata hesabu inakataa: riwaya ni 13, vipindi 33.

Kila kipindi kilikaribia saa mbili pamoja na matangazo, kwa hiyo Morse alipata nafasi ya kumshuku asiye na hatia, kuagiza bia (Lewis alipe) na kuanza upya. Muziki wa Barrington Pheloung nao una mdundo wa telegrafu, nukta na mistari ya msimbo wa Morse, unaotamka herufi za jina la Morse. Mara nyingine alificha humo jina la muuaji.