Tufaha moja kwa siku: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ule msemo wa Kiingereza kwamba tufaha moja kwa siku humweka daktari mbali husambazwa mitandaoni kana kwamba ni agizo la hospitali. Mengi yanayoambatana nao hayana msingi.

Dhana: Ni agizo la kale la matabibu.
Msemo huu ni wa wanavijiji. Februari 1866 jarida moja la Uingereza liliuchapa kama methali ya watu wa Pembrokeshire, huko Wales, na haukuwa na sura ya sasa: ukila tufaha unapokwenda kulala, utamnyima daktari mkate wake. Sura fupi tunayoijua ilinukuliwa mwaka 1913 na Elizabeth Mary Wright, mtafiti wa lahaja za Kiingereza, ambaye tayari aliitaja kuwa ndiyo iliyozoeleka zaidi.

Dhana: Sayansi imeuthibitisha.
Watafiti wa Marekani waliupima msemo wenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Walichambua taarifa za watu wazima 8,399, wakiwemo 753 waliokula angalau tufaha dogo moja, yaani gramu 149, kwa siku. Mwanzoni walaji hao walionekana kwenda kwa daktari mara chache zaidi. Lakini pia walikuwa na elimu zaidi na wachache wao walivuta sigara. Hesabu ziliporekebishwa kwa kuzingatia mambo hayo, tofauti ya maana haikuonekana tena. Kilichobaki ni kwamba walitumia dawa chache zaidi za kuandikiwa na daktari, na hata hapo pengo lilikuwa jembamba. Tena chakula chao kilijulikana kwa kuulizwa walichokula ndani ya saa 24 tu.

Dhana: Tufaha linayashinda matunda yetu.
Hii ndiyo inayoumiza mifuko. Tufaha la wastani la gramu 180, likiliwa na ganda lake, lina nyuzinyuzi gramu 4 hivi na vitamini C miligramu 8 hivi. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini hiyo. Mzazi anayepita mapera sokoni akatafute epo la bei kali lililotoka ng'ambo hamwongezei mtoto afya. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Tufaha moja halifiki hata nusu.

Dhana: Juisi yake ni sawa na tunda.
Ukikamua na kuchuja, nyuzinyuzi hubaki kwenye machicha, sukari ikaingia kwenye glasi. Kumenya nako kuna hasara, maana kwesetini, mojawapo ya viambato vinavyosifiwa, imejaa zaidi kwenye ganda. Lisugue chini ya maji yanayotiririka, ulile lilivyo.

Dhana: Ukimeza mbegu utakufa.
Mbegu zina amigdalini, kemikali inayotoa sumu ya sayanidi zikitafunwa kwa wingi. Chache zilizomezwa nzima hupita tu tumboni. Kwa mtoto mdogo, hatari kubwa zaidi ni kukabwa: vipande vigumu humziba koo, hivyo mparuzie tufaha au ulipike lilainike.