Kwa nini mashine ya figo haiwashwi kabla maji hayajapimwa

Kila inapokaribia Siku ya Figo Duniani, Alhamisi ya pili ya mwezi Machi, kitengo chetu cha uhandisi wa vifaa tiba hupokea malalamiko mengi, na karibu yote ni ya aina mbili: kwamba mashine za kusafisha damu zinachelewa kuwashwa asubuhi, na kwamba mashine hizo ndizo zinazoua wagonjwa. Nitayajibu yote kwa kupitia kazi ya Profesa Willem Kolff, maana bila yeye tusingekuwa hata na mashine ya kulalamikia. Kazi ya figo sitaieleza; hiyo inafundishwa shuleni.

Kolff alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, akasomea udaktari. Mwaka 1938, akiwa daktari kijana huko Groningen, alimuuguza mtoto wa mkulima, mwenye umri wa miaka 22, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kabisa. Kijana alitapika, macho yakapoteza nuru, akafariki, na Kolff ndiye aliyelazimika kumweleza mama yake. Kwa hesabu zake, kama angeweza kumtoa gramu 20 za urea, ile taka ya damu inayotolewa na figo, kila siku, kijana yule angeishi. Robert Brinkman, profesa wa biokemia hapo hapo Groningen, akamwonyesha selofani, ile iliyotumika kufungia soseji: urea inapenya, chembe za damu hazipenyi.

Vita ilipoingia Uholanzi, Kolff alihamia Kampen. Huko alisaidiwa na Hendrik Berk, mkurugenzi wa kiwanda cha vyombo vya enameli, kuunda ngoma kubwa iliyolazwa ubavu na kuzungushiwa mita nyingi za mrija wa selofani, huku nusu yake ya chini ikizama kwenye beseni la maji yenye chumvi. Ngoma ikizunguka, damu ndani ya mrija ilibaki chini kwa uzito wake na hivyo kusukumwa mbele mzunguko kwa mzunguko. Kilichomsumbua ni kiungo: mrija mmoja unazunguka, mwingine umetulia, na hapo katikati tone la damu halitakiwi kuvuja. Jibu alilipata kwenye kiungo cha pampu ya maji ya gari la Ford. Mimi ni mhandisi, na jambo hilo hunifurahisha kuliko tuzo zake zote.

Mgonjwa wa kwanza aliunganishwa tarehe 17 Machi 1943. Kati ya 16 wa mwanzo, karibu wote walifariki. Mwezi Septemba 1945 akaletwa mwanamke wa miaka 67 akiwa amepoteza fahamu. Baada ya saa kadhaa kwenye mashine alizinduka, na akaishi miaka saba zaidi.

Sasa, anayeichukua hesabu hiyo kuwa ushahidi kwamba mashine inaua aulize kwanza wale 16 waliletwa wakiwa katika hali gani. Ndivyo ilivyo hata leo. Daktari anashauri mgonjwa aanze kusafishwa damu, familia inakaa vikao miezi kadhaa, mgonjwa analetwa mapafu yamejaa maji, anafariki siku ya tatu, kisha lawama zote ni kwa mashine. Inachosha, niseme ukweli.

Mwaka 1950 Kolff alihamia Cleveland, Marekani, na mwaka 1967 akaenda Chuo Kikuu cha Utah, alikoongoza taasisi ya uhandisi wa tiba. Moyo bandia uliotoka kwenye kundi lake uliwekwa kifuani mwa Barney Clark tarehe 2 Desemba 1982, naye akaishi siku 112. Moyo huo unajulikana kwa jina la Robert Jarvik, mmoja wa vijana wake. Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, Kolff aliipokea mwaka 2002 pamoja na Belding Scribner wa Seattle, ambaye mwaka 1960 alibuni mrija wa kubaki mkononi, mgonjwa akaweza kuunganishwa tena na tena bila kukatwa mshipa mpya kila mara. Kolff alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 97.

Turudi kwenye asubuhi. Kipindi kimoja cha saa nne hutumia takribani lita 120 za maji, yanayotenganishwa na damu kwa utando mwembamba sana. "Mbona maji haya haya tunakunywa?" huulizwa. Mnayanywa, ndiyo, lakini yanapita tumboni. Klorini ile ile inayoyafanya maji ya bomba yawe salama kunywa, ikifika kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Huko Caruaru, Brazili, mwaka 1996, zaidi ya wagonjwa 50 walifariki kwa sababu sumu ya vijidudu vya bwawani ilipita kwenye maji ya mashine.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu. Kabla ya zamu ya kwanza, mtambo wa maji huachwa ukizunguka kama dakika 15. Fundi huchukua sampuli baada ya tangi la kwanza la kaboni, linalonasa klorini, si mwisho wa mstari, hutia kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, na kusoma rangi. Klorini yote ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, hakuna mgonjwa anayeunganishwa. Kipimo hurudiwa kila zamu. Kisha kila mashine hupimwa kwa kikaratasi kuona kama kuna mabaki ya dawa ya kuua vijidudu. Yakionekana, inasuuzwa upya. Saini ni mbili. Anayesaini bila kupima husimamishwa kazi kusubiri kamati ya nidhamu, na utetezi kwamba wagonjwa walikuwa wengi haukubaliwi. Msimamizi aliyeamuru mashine iwashwe hivyo hivyo hujibu shauri lile lile. Lebo nyekundu, ya mashine isiyoruhusiwa kutumika, huondolewa na mhandisi aliyeibandika au mkuu wake. Daktari bingwa hana mamlaka hayo. Ndugu anayezima kengele ya mashine hutolewa chumbani na taarifa huandikwa; akirudia, haingii tena.

Mgonjwa au mwakilishi wake anaweza kuomba kuona daftari la maji, linaloandikwa vipimo hivyo, fundi akiwepo. Picha haziruhusiwi, kwani kurasa hizo zina majina ya wagonjwa wengine. Malalamiko yapelekwe kwa muuguzi wa zamu yakiwa na namba ya mashine, saa, na maneno yaliyoonekana kwenye kioo. Yasiyo na namba tunayapokea pia, ila ufuatiliaji huchukua muda mrefu, maana mashine zote zinafanana.