Masaji Inasaidia, Ila Usichuliwe Kabla Hujajua Unaumwa Nini

Kuelekea Septemba 8, Siku ya Fiziotherapia Duniani, kitengo chetu cha fiziotherapia (tiba ya viungo) hospitalini kimeombwa kutoa elimu kwa umma kuhusu masaji. Ombi limekuja wakati wake. Malalamiko yameongezeka, na wengi wanaotufikia wamekwishachuliwa huko nje kabla hata ya kupimwa.

Kwamba masaji inasaidia, hilo halina ubishi. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kiliitaja miongoni mwa tiba za kuanza nazo, kabla ya dawa, kwa maumivu ya mgongo yaliyoanza karibuni. Dereva wa bodaboda au fundi cherehani aliyekaza mabega hupata nafuu, na shingo ikaanza kugeuka. Nafuu hiyo huwa ya muda. Kinachoidumisha ni mazoezi, ambayo watu hawayapendi kwa sababu hakuna wa kuwafanyia. Upande wa akili, mapigo ya moyo hutulia, wasiwasi hupungua na usingizi huja kwa urahisi. Mwenye sonona anaweza kufarijika pia, lakini asiache dawa wala kliniki ya afya ya akili.

Sasa, habari ya “kutoa sumu mwilini” naomba tuiache. Kazi hiyo ni ya ini na figo, na hazihitaji mafuta ya mchaichai. Hata ile asidi ya laktiki inayosemekana hukamuliwa kwenye misuli haikamuliwi: watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2012 waliwachua paja moja vijana 11 waliokwisha kuchoshwa na mazoezi, wakakuta dalili za uvimbe ndani ya msuli zimepungua, lakini kiwango cha asidi hiyo kiko vilevile.

Kinachotusumbua zaidi ni viwiko vya watoto. Mtoto kaanguka kwenye mwembe, kiwiko kimevimba. Anaitwa fundi wa kuchua, anakivuta, kisha anakisugua kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Damu iliyovilia ndani ya msuli inaweza kuanza kugeuka mfupa. Akiletwa kwetu baada ya wiki kadhaa, mkono haunyooki wala haufiki mdomoni, na picha ya eksirei inaonyesha mfupa mahali pasipo na mfupa. Wazazi hutuuliza tutauchua lini. Hatutauchua. Kiwiko kilichoumia hufungwa kitambaa kikatulizwa, mtoto akapelekwa kupigwa picha siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo shavu la mguu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na moto na maumivu, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu ya basi, huenda kuna donge la damu. Ukiuchua, donge linaweza kung'oka likaenda kuziba mapafu, na mtu akafariki. Mtoto mwenye selimundu (sikoseli) akilalamika tumbo asichuliwe kabisa. Bandama lake linaweza kuwa limevimba na kupasuka.

Kuhusu mama aliyejifungua kukandwa maji ya moto, najua bibi na mama mkwe wana nia njema. Lakini maji yanayotoa mvuke yanaweza kuunguza ngozi kwa sekunde chache, na mwenye mshono anaweza kurudi wodini na kidonda kibichi. Kizazi hurudi chenyewe kwa takriban wiki 6, na kunyonyesha kunakisaidia. Mkandeni mgongo na miguu kwa mikono na mafuta, kama hakuna uvimbe niliousema hapo juu. Tumbo liacheni.

Kwa upande wa utaratibu, leseni ya biashara ya halmashauri si kibali cha kutibu. Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, anayetoa huduma kama tiba mbadala anatakiwa kusajiliwa na Baraza husika, na kituo chake nacho kisajiliwe. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri ndiye wa kumwona kwanza. Kutibu bila usajili ni kosa, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Mteja ana haki ya kuona cheti. Asome jina, namba na tarehe ya mwisho, na jina liwe la mtu anayemchua, lisiwe la mwenye duka.

Mchuaji akigusa sehemu za siri au akashawishi “huduma ya ziada”, suala hilo limetoka kwenye tiba. Ni la Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na linapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Aliyeumizwa huchukua fomu ya PF3 akaja nayo hospitali. Mwenye hali mbaya aletwe moja kwa moja, fomu ifuatiliwe akiwa anatibiwa.

Malalamiko ya kitaalamu huandikwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: jina la kituo, tarehe, kilichofanyika, picha za jeraha na nakala ya risiti. Asiye na risiti atasikilizwa pia, ila ajiandae kusubiri zaidi, kwa sababu itabidi kwanza ithibitishwe kwamba alihudumiwa pale.