Modeli ya Santa María si nakala ya merikebu yenyewe

Wengi huamini kwamba modeli ya mbao ya Santa María huonyesha merikebu ya Columbus jinsi ilivyokuwa. Sivyo. Merikebu hiyo ilikwama pwani ya Haiti usiku wa Krismasi 1492, mbao zake zikajengea ngome ya La Navidad, na hakuna mchoro wake wa ujenzi uliobaki. Kila modeli ni makisio ya kitaalamu, kwa hiyo mbili zaweza kutofautiana urefu na umbo la tezi, yaani sehemu ya nyuma ya merikebu. Namheshimu mjenzi anayesema wazi alikokisia.

Merikebu ya kivita Vasa ya Sweden ni habari nyingine: ilizama Stockholm 1628, ikaibuliwa 1961, hivyo hupimika ubao kwa ubao. Hata hivyo, ilidhaniwa nakshi zake ziliwekwa juu ya rangi ya buluu, hadi uchunguzi wa mabaki ya rangi ulipoonyesha nyekundu.