Portal si lango

Juzi tena. Wageni wameshuka kwenye gari mjini Fort Portal, magharibi mwa Uganda, hata miguu hawajainyoosha, mmoja akaelekeza kidole upande wa Rwenzori: "Kumbe huku ndiko kwenye lango la milima, ndiyo maana ya Portal!" Kwa Kiingereza, "portal" ni lango. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Kazi yangu ni kuongoza watalii, na hilo nimelisikia mpaka masikio yameota sugu. Baya zaidi, wapo waongozaji wenzangu wanaolihubiri.

Portal ni jina la mtu. Gerald Portal alikuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar, na ndiye aliyeitia hazina ya Sultani mikononi mwa maofisa wa Kiingereza mwaka 1891. Tarehe 1 Januari 1893 aliondoka Unguja na msafara, ametumwa kuangalia Uganda ifanyweje, maana kampuni iliyokuwa ikiishikilia ilikuwa imeishiwa fedha. Machi 17 yuko Kampala, Aprili 1 bendera ya Uingereza iko juu, mwisho wa Mei keshafunga mizigo. Haikutimia hata miezi mitatu! Aliyekwenda Tooro, ufalme ulipo mji huu, ni ndugu yake, Raymond, naye malaria ikamuua Mei hiyohiyo. Gerald mwenyewe alifariki London Januari 1894 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 35.

Ngome ya huku kwanza iliitwa Fort Gerry. Gerry ndiye Gerald, jina la kumwitia nyumbani. Entebbe nayo ilipewa jina la mkewe, Port Alice. Sasa wa "lango" anieleze: Gerry ni dirisha?

Nawaambia wanagenzi wangu kila siku: ukikuta jina lina "Fort", tafuta mtu kabla hujafungua kamusi.

Wengine hudhani ngome za Tooro zilijazwa askari wa Kizungu. Aliyezijenga ni Lugard, ofisa wa ile kampuni, mwaka 1891, ili Omukama (mfalme) Kasagama wa Tooro asing'olewe na Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Walioachwa kuzilinda walikuwa Wasudani waliotoka kwenye jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri huko kusini mwa Sudani. Wanubi wa Uganda wengi wao ni uzao wa askari hao.

Na kwamba Waingereza ndio waliounda ufalme wa Tooro? Hapana. Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, alijitenga na baba yake yapata mwaka 1830, Lugard hata hajazaliwa.

Nanyi wa Murang'a, Kenya, mnaocheka hapo nyuma, nimewasikia mkisema mji wenu uliitwa Fort Hall kwa sababu ya ukumbi wa wakoloni. Hakukuwa na ukumbi. Alikuwa Francis Hall, ofisa aliyefungua kituo pale Mbirri mwaka 1900, na mwaka uliofuata akafia hapohapo.